Sherehe ya Kuitoa Makala

Nchi yenyewe haitajwi, maana huko kutaja ni kuitwa, na ukiitwa hujui utarudi na meno mangapi. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina wimbo wa taifa, ina Wizara ya Shibe ya Taifa, na ina Chuo Kikuu chenye geti refu kuliko maktaba. Watu wake wamesoma mpaka kero. Na huko makala ya kitaaluma haichapishwi hivi hivi kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Makala inatolewa, kama mwali.

Mhadhiri akishikwa na wazo, au akilishika wazo la mwenzake, haendi maktaba. Anaunda kamati. Panakuwa na mwenyekiti, panakuwa na mtunza hazina, panakuwa na kamati ndogo ya vinywaji ambayo ndiyo inayokaa vikao virefu. Michango lazima, kwa sababu majarida ya huko hayafungui mlango mpaka bawaba zipakwe mafuta. Hapo ndipo kadi zinapotoka. Ukichanga kadi ya singo, jina lako linaingia kwenye makala kama mwandishi. Ukichanga kadi ya dabo, mnaingia wewe na mwenza wako. Ndiyo maana makala mashuhuri ya Kitivo cha Kilimo kuhusu kupe ilikuwa na waandishi wengi kuliko kupe waliochunguzwa, mmoja wao akiwa mpiga video, na mwingine mtoto mchanga aliyeletwa mgongoni siku ya sherehe, ambaye hadi leo ana machapisho mengi kuliko nusu ya wahadhiri.

Jarida lililopendwa kupita yote liliitwa Jarida la Kimataifa la Elimu Zote na Nyinginezo. Ofisi zake hakuna aliyewahi kuziona. Mhariri wake mkuu alijiita Profesa Daktari Sir, na alikuwa mwepesi wa kujibu kuliko mchumba mpya: barua ya kuikubali makala ilifika kabla makala haijaambatanishwa. Maoni ya wahakiki wake hayakubadilika miaka nenda, miaka rudi: "Kazi njema mno. Mola awazidishie. Malipo hatujayaona."

Lakini utamu wa sherehe haukuwa kwenye makala, maana makala haina msomaji. Utamu ulikuwa kwenye kulishana. Kama maharusi wanavyolishana keki, mwandishi wa kwanza huwalisha waandishi wenzake tonge la kile kilichochunguzwa. Makala ya nyuki, walilambishana asali. Makala ya dagaa, walitafunishana dagaa. Makala ya barabara za vumbi, Kitivo cha Uhandisi kilikohoa wiki nzima, lakini kwa heshima zote. Mila ni mila.

*

Sasa, katika Kitivo cha Kilimo alikuwepo Dokta Sikudhani Machano, mwanamke ambaye watu walimwonea huruma kwa kilema chake kimoja: alifanya utafiti kweli. Asubuhi unamwona kavaa mabuti, jioni anarudi na vifuko vya mahindi, anajifungia maabara. "Masikini," walinong'ona wenzake, "hana wa kumwonyesha njia."

Alichokuta kwenye vile vifuko hakikuwa cha kuchezea. Paa la Ghala Kuu la Taifa lilikuwa linavuja tangu waziri wa tatu kabla ya huyu. Mahindi yalilowa, yakavunda, yakaota kuvu, na kuvu ile inatoa sumu inayolitafuna ini la mtu taratibu, bila kelele. Na mahindi hayo hayakuwa ya panya. Yalisagwa kila mwezi yakapelekwa Bonde la Msua kuwa uji wa watoto wa shule. Huko Bonde la Msua ndiko alikofundisha mdogo wake wa kike, Mwashamba, na Mwashamba alikuwa hakosi kutuma ujumbe wa sauti: "Dada, macho ya watoto yamekuwa manjano. Mwingine tumbo limejaa kama ngoma, miguu kama njiti. Fanyeni kitu nyie mliosoma."

Sikudhani akaandika. Akapeleka makala yake kwenye jarida huria la nchi jirani, ambako mwandishi halipi kuchapishwa na msomaji halipi kusoma. Wahakiki wa kule hawakumtakia baraka. Walimtafuna kama muwa. Mizani yako uliipima kwa kipimo gani? Rudia. Vifuko ulivitunza wapi? Rudia. Alirudia, akalia, akarudia tena, mpaka hawakubakiwa na pa kushika. Makala ikatoka, wazi kama kiwanja cha mpira: mwenye simu na bando aliweza kuisoma, awe profesa, awe muuza vitumbua.

Akaingia kikao cha Kitivo ameshika furaha yake kwa mikono miwili.

"Makala yangu imetoka," alisema.

"Imetokaje?" aliuliza Amidi wa Kitivo, Profesa Mkumbukwa, mtu wa tumbo la heshima, aliyeongea kama kila siku anafungua daraja. "Mbona hatujasikia hata tarumbeta?"

"Imechapishwa, Profesa. Kwenye jarida huria. Kila mtu anaisoma bure."

Kikao kikatazamana kama mtu ameachia upepo msibani.

"Bure?" Dokta Zamzam, mtunza hazina wa kamati zote za Kitivo tangu enzi, alishika kifua. "Shoga yangu, umesema bure?"

"Bure."

"Ukumbi?"

"Hakuna ukumbi."

"Sare je? Kitenge tungeshona kipi?"

"Dada Zamzam, ni makala."

"Keki, basi, jamani. Hata keki ndogo ya kisahani?"

Amidi alivua miwani, akaifuta kwa tai, ishara kwamba busara inakuja. "Dokta Sikudhani, tuambizane kindugu. Makala isiyo na kamati, isiyo na mchango, isiyo na wazee wa pande mbili waliokaa wakaridhiana, hiyo si makala. Hiyo ni makala ya nje ya ndoa. Umeileta nyumbani usiku, unataka tuilee. Sisi tuna hadhi. Na cha bure, mama, kina nini? Bure ni maji ya bomba la Chuo, na rangi yake tunaijua wote."

"Haya majarida huria ndiyo yanayoichafua taaluma!" mhadhiri mmoja alidakia kutoka nyuma. "Ukiruhusu kila mtu asome, si watasoma?"

Kikao kizima kikaguna kwa hofu. Suala la kumpandisha Dokta Sikudhani cheo likasogezwa mbele mpaka hapo atakapotulia.

Mdomo wa Sikudhani ulijaa uchungu. Akameza mate.

*

Alikwenda Wizara ya Shibe. Katibu Mkuu, Bwana Tindwa, alimpokea kwenye ofisi yenye kapeti nene, mtu unatembea unahisi umekanyaga mnyama.

"Mheshimiwa, uji wa Bonde la Msua una sumu. Ushahidi huu hapa."

"Ahaa." Bwana Tindwa hakuigusa karatasi. "Na makala yenyewe imetolewa?"

"Imechapishwa, mheshimiwa."

"Mimi sikualikwa."

"Haihitaji mwaliko. Ukifungua simu yako sasa hivi—"

"Dokta." Katibu alitabasamu kwa masikitiko ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Serikali hii inaheshimu sana sayansi. Ndiyo maana sheria inatutaka tusikilize sayansi iliyotolewa rasmi, yenye picha na mgeni rasmi. Serikali ikianza kusikiliza kila kitu kinachosomeka tu, nchi itatawalika? Nenda ukaitoe kwa adabu, utuletee kadi. Mke wangu anapenda sana sayansi. Tuandikie ya dabo."

Simu ililia akiwa kwenye ngazi. Mwashamba tena. "Dada, leo tumezika. Wa darasa la pili. Daktari kaandika homa."

Sikudhani aliinama akashika ukuta. Kisha akarudi Chuoni, moja kwa moja hadi kwa Amidi, akafanya jambo ambalo lilimtia kinyaa hadi kwenye kucha.

"Profesa, nimekubali. Itoeni. Kamati, keki, kitenge, chochote. Ilimradi Wizara isikie na uji ule usimamishwe."

Profesa Mkumbukwa alimfungulia mikono kama baba wa mwana mpotevu. "Sasa unaongea kisomi, binti yangu!"

*

Kamati iliundwa kabla chai haijapoa. Zamzam alishika daftari la ahadi, sare ikachaguliwa, kitenge cha rangi ya mahindi mabichi. Wizara ilichanga kadi ya dabo na juu yake ikatoa ukumbi. Na ukumbi ukishatolewa na mtu, mwenye ukumbi ana neno.

Neno lilikuwa dogo. Amidi alimwita Sikudhani ofisini, Zamzam akiwa pembeni anahesabu vitambaa.

"Makala yako nzuri sana," alisema Amidi. "Nimeipitia."

"Umeisoma, Profesa?"

"Nimeipitia. Kamati imeona hitimisho lina ukakasi kidogo. Unasema 'sumu', unasema 'usitishwe', unasema 'watoto'. Jamani, watu wamevaa, wamependeza, mgeni rasmi kakaa, unamsomea mambo hayo? Hitimisho lisiharibu shughuli."

"Hitimisho ndilo makala, Profesa."

"Tumelilainisha." Akasoma kwa sauti ya daraja: "'Kwa hiyo mahindi ya Ghala Kuu yana mchango chanya katika ustawi wa ini la mtoto.' Unaona linavyoteleza?"

"Majedwali yangu yanasema kinyume! Namba zote zinasema kinyume!"

"Majedwali tumeyaacha," alisema Zamzam kwa upole. "Yanapendezesha ukurasa. Nani atayaangalia, mdogo wangu?"

Sikudhani aliwatazama, na yale mate ya uchungu yakajaa tena mdomoni. "Toeni jina langu."

Walitazamana. Halafu nyuso zao zikachanua. Jina la kwanza limepata nafasi! Amidi akajitolea kulibeba, kwa moyo mzito, dakika hiyo hiyo. Jarida la Elimu Zote na Nyinginezo lilipotumiwa hitimisho jipya lilijibu papo hapo: "Sasa imekuwa kazi njema zaidi."

Alipofika mlangoni, Zamzam alimwita. "Sikudhani, usinune, shoga. Utakuwa mpambe. Kwenye kulishana tutahitaji ugali wa mahindi yenyewe ya Ghala Kuu, na kusema kweli hapa Kitivoni hakuna mwingine anayejua ghala liko wapi."

Wangekuwa wameisoma ile makala, wangelifuta jambo hilo kwenye ratiba. Lakini kulishana kulikuwepo kwenye ratiba ya kupe, kukawepo kwenye ratiba ya vumbi, kukahamia kwenye hii bila mtu kuuliza. Walibadilisha jina la makala tu na rangi ya maua.

Sikudhani aligeuka taratibu. "Nitaleta," alisema. "Mila ni mila."

*

Ukumbi ulijaa tangu mchana. Maputo, mataa, kitenge cha mahindi mabichi kila kona, waandishi wa makala wamekaa upande wa kulia, wengi hata ukumbi mwingine usingewatosha. Emsii alikuwa Kigelegele mwenyewe, yule ambaye bila yeye hakuna profesa aliyewahi kuwa profesa.

"Naitaka miluzi ya sayansiiii!" Miluzi. "Makala iko wapi?" "Iko hapaaa!" "Imesomwa?" "Haijasomwaaa!" "Safi, bado bikira!"

Makala iliingizwa ikiwa imefungwa kwenye sinia lenye utepe, ikazungushwa, ikatuzwa, ikawekwa kwenye kiti chake. Bwana Tindwa alisimama akahutubia. Alisema nchi nyingine zina mahindi lakini hazina makala. Alisema anasikia kuna wenzetu wanaopeleka maarifa ya taifa nje, bure, yanazagaa kwenye simu za watu kama picha za uchi, na kwamba Serikali inawaangalia. Alisema watoto wa Bonde la Msua wana bahati.

Watu wakapiga makofi. Mezani pa wasio na kadi, karibu na mlango wa choo, Sikudhani alimeza mate.

"Na sasa," Kigelegele alishusha sauti, tarumbeta ikavuta, "kile tulichokisubiri! Mpambe! Leta tongeee!"

Sikudhani aliinuka na hotpoti, akapita katikati ya ukumbi bila haraka. Akalifungua mbele ya meza kuu. Ugali ulikuwa wa kijivu, na harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Simu zikainuliwa, kama ilivyo ada, kila mtu anataka picha ya tonge.

"Ni unga wa Ghala Kuu," alisema karibu na kipaza sauti, kwa heshima. "Ule ule wa shule."

Profesa Mkumbukwa, mwandishi wa kwanza, alimega tonge kwa vidole viwili kama anatoa inzi kwenye mchuzi. Akamgeukia Zamzam, mwandishi wa pili.

"Mimi sukari," alisema Zamzam haraka. "Nina sukari, daktari kanikataza wanga."

"Jana si ulikula biriani sahani mbili?" sauti moja ilitoka meza ya nyuma, watu wakacheka.

Amidi akaenda kwa wa tatu. Wa tatu amefunga. "Jumatano?" akauliza Kigelegele. Amefunga ya nadhiri. Wa nne jino. Wa tano alikuwa ameshaelekea msalani, na wa sita kampeleka. Pale penye waandishi wengi kuliko viti, viti vikaanza kuonekana. Hawakuwa wameisoma makala, lakini pua wanazo.

"Basi mwandishi wa kwanza aonje mwenyewe!" alipiga kelele mama mmoja. Ukumbi ukadaka: "Aonje! Aonje!"

Profesa Mkumbukwa alifungua mdomo. Ulikuwa mdomo mpana, uliofungua semina na makongamano. Akausogeza kwenye tonge, tonge likasogea kwenye mdomo, halafu mdomo ukajifunga wenyewe kama mlango wa benki saa kumi. Akabaki vile, jasho likimtoka, midomo imebanwa kama ya mtoto anayekataa dawa.

Kigelegele aliona shughuli inamfia mikononi. Emsii hawezi kukubali hilo. Akampokonya Amidi tonge, akaruka nalo hadi kwa mke wa Katibu Mkuu, Mama Farashuu, mwandishi halali wa kadi ya dabo, ambaye muda wote alikuwa anaongea na jirani yake kuhusu mafundi cherehani.

"Mwandishi mwenye uzuri wake! Aaaa, mama!"

Mama Farashuu alitabasamia kamera, akafunga macho, akafungua mdomo. Sikudhani akaruka, mkono umenyooka, sauti iko kooni. Bwana Tindwa akamtangulia. Alilipiga lile tonge kofi, likaruka likagonga keki, na kwa vile kipaza sauti kilikuwa bado mbele yake, ukumbi mzima, hadi walioko msalani, ukamsikia:

"Usile, mama! Hiyo ni ya shule!"

Tarumbeta ilikata. Simu zote zilikuwa hewani.

*

Klipu ile ilifika Bonde la Msua kabla keki haijafutwa. Mwashamba alipiga simu asubuhi yake, nyuma yake kelele za wanawake.

"Dada! Wamama wamekuja shuleni na ndoo. Wamemwaga uji wote, wamekalia magunia, lori la Wizara limerudishwa. Wanasema hata mtoto mmoja hanywi tena."

"Wameisoma makala yangu?"

"Makala gani? Wameona maprofesa wamefumba midomo. Dada, ulikuwa na makala?"

Sikudhani alicheka na kulia, hakujua kipi kilianza.

Serikali nayo haikulala. Wizara ilitoa tamko zito, likasomwa redioni kabla ya taarifa ya habari: kuanzia siku ile, ni marufuku waandishi wa makala kulishana hadharani. Paa la ghala halikutajwa. Bwana Tindwa alihamishiwa Wizara ya Maji.

Wiki ile ile Profesa Mkumbukwa alibisha hodi maabara. Alikuwa na tabasamu, na nyuma yake Dokta Zamzam na daftari.

"Binti yangu," alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Mambo yamekuwa makubwa. Ile klipu imetazamwa na watu wengi kuliko makala zote za Chuo hiki tangu kianze. Profesa Daktari Sir mwenyewe ameniandikia. Anataka makala: 'Mbinu Shirikishi za Kufikisha Sayansi kwa Umma: Kisa cha Midomo Iliyofumbwa.' Wewe utaandika, maana unapenda kuandika. Kamati imekaa. Sisi midomo ni yetu, kwa hiyo majina yetu kuingia ni haki. Cheo chako tutakisukuma. Unaonaje?"

"Na usijali mchango, shoga," Zamzam aliongeza. "Wewe utaingia kwa singo ya heshima."

Safari hii Sikudhani hakumeza mate. Alikwenda dirishani, akatema nje, akajifuta mdomo, akarudi. Kutoka rafu ya juu akashusha hotpoti lile lile la siku ya sherehe, akaliweka mezani mbele ya Amidi, akalifungua. Ugali ulikuwa umeota manyoya ya kijani.

"Karibu, Profesa," alisema. "Kwangu mimi mila haijapigwa marufuku. Anayetaka jina anaonja."

Walitoka bila kuaga, Zamzam akiwa mbele.

Hotpoti liko pale hadi leo, kwenye meza ya Dokta Sikudhani Machano, mhadhiri asiyepandishwa cheo. Makala zake zimeongezeka, zote ziko wazi, zote bure, na kila moja ina jina moja.